Nani Katunga Hapa?

Haya ndiyo niliyowaambia wanamuziki na maprodyuza vijana waliokusanyika Tanga, kuhusu nani hasa mwenye wimbo. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila kinanda hakiwezi kuingia kwenye karatasi.

Asalaam aleikum. Habari za jioni wanangu, na shikamooni wazee wangu mliokaa kule nyuma.

Kabla sijasema lolote, sikilizeni hiki kipande. Kinanda hiki nimekiweka sauti ya violini makusudi. Kijana wa mstari wa mbele ameshaanza kutikisa kichwa, maana yake anaujua. Ndiyo, ni "Bitter Sweet Symphony" wa bendi ya Kiingereza, The Verve, wimbo wa mwaka 1997. Leo nitakaa sana na mstari huu mmoja wa violini, kwa sababu ndani yake yamo karibu mambo yote niliyoitwa kuyasema.

Sasa niambieni, nani kautunga?

Mmesema Richard Ashcroft. Jibu zuri. Ndiye aliyeuimba na ndiye aliyeandika maneno yake. Lakini kwa zaidi ya miaka 20, Ashcroft alitajwa kama mwenye maneno tu, na watunzi wa wimbo waliandikwa kuwa Mick Jagger na Keith Richards wa Rolling Stones. Watu hao wawili hawakukanyaga studio siku The Verve waliporekodi. Wimbo ukapigwa dunia nzima, na pesa za utunzi zikawa haziendi kwa aliyeuimba.

Ilikuwaje? Mwaka 1965 Rolling Stones walitoa wimbo uitwao "The Last Time". Meneja wao, Andrew Oldham, alikuwa na orkestra iliyopiga nyimbo zao kwa violini na tarumbeta bila mwimbaji. Aliyepanga muziki wa orkestra hiyo kwa wimbo huo ni David Whitaker, na ndiye aliyeandika zile violini. Nendeni nyumbani mkausikilize "The Last Time" wa Rolling Stones wenyewe, kisha msikilize wa orkestra. Mtatafuta ule mstari wa violini katika ule wa kwanza mpaka mchoke. Miaka thelathini baadaye The Verve wakakata kipande cha rekodi ya orkestra wakajenga wimbo wao juu yake.

Na waliomba ruhusa! Hapa ndipo vijana wengi mnapokosea kuisimulia hadithi hii, mkadhani waliiba. Walipata ruhusa ya kampuni iliyomiliki rekodi. Walichokuwa hawajamaliza ni ruhusa ya utunzi, ambayo ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Allen Klein, mtu aliyewahi kuwasimamia Rolling Stones. Albamu ikiwa tayari kutoka, Klein akakataa. Akaja kukubali kwa sharti moja, kwamba utunzi wote uhamie upande wake. Ashcroft akaambulia dola 1,000.

Sisi watu wa pwani tulipaswa kulielewa jambo hili haraka kuliko wengine. Hapa kwetu shamba linaweza kuwa la mtu mmoja na minazi iliyomo ikawa ya mtu mwingine, na ukinunua minazi hujanunua ardhi. Wimbo nao ni hivyohivyo. Utunzi, yaani melodi na maneno, ndio shamba. Rekodi, hii tunayoiita masta, ni mnazi uliosimama juu ya shamba hilo. Shamba moja linaota minazi mingi: kila anayeurekodi upya wimbo uleule amepanda mnazi wake. Ukisampo, ukakata sauti ya rekodi ukaitia kwenye biti yako, umeangua nazi ya mtu huku umesimama kwenye ardhi ya mtu. Waombwe wote wawili. The Verve walikubaliana na mwenye mnazi, wakadhani mambo yamekwisha.

Ukitaka kuukwepa mnazi, upo ule mtindo wa kuupiga tena mwenyewe. Hukati sauti, unaita mpiga besi wako anapiga ule mstari upya. Hapo mwenye masta hakudai kitu. Mwenye utunzi bado anakudai, na jina lake lazima liandikwe. Mwaka 2017 Taylor Swift alitoa wimbo ambao kiitikio chake kinafuata mwendo wa "I'm Too Sexy", wimbo wa kundi la Right Said Fred. Hakuna sauti iliyokatwa. Lakini watunzi watatu wa wimbo ule wa zamani waliandikwa tangu siku ya kwanza, makubaliano yakiwa yamefanyika kabla wimbo haujatoka. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Turudi kwenye violini, maana sijamaliza.

Mwezi Mei 2019, Klein akiwa ameshafariki, Jagger na Richards walimrudishia Ashcroft haki yao katika wimbo ule. Yeye mwenyewe aliitangaza habari hiyo kwa furaha, na mimi nilifurahi nikiwa huku. Lakini Whitaker, yule aliyeziandika violini ambazo ndizo kila mtu anazikumbuka, alikufa mwaka 2012. Jina lake halikuwemo mwanzo wala mwisho. Na bado kuna kingine. Kabla ya Rolling Stones, katikati ya miaka ya 1950, familia moja ya Wamarekani weusi, The Staple Singers, ilirekodi wimbo wa kanisani wenye maneno hayohayo ya kiitikio, "huenda hii ikawa mara ya mwisho". Keith Richards amekiri mwenyewe kwamba waliujenga wimbo wao juu ya ule. Kwa hiyo hebu hesabuni: wimbo wa kanisani, kisha Rolling Stones, kisha Whitaker, kisha Ashcroft. Mikono minne, na kwa miaka 22 mkono mmoja tu katika minne ndio uliohesabiwa kuwa umetunga.

Ndiyo maana nawaambia wanangu, jina la mtunzi linaloandikwa chini ya wimbo msilidhanie kuwa ni historia ya wimbo. Ni mapatano. Linasema nani alikubaliana na nani, nani alikuwa na wakili na nani alichelewa kuuliza. Wakati mwingine mapatano yanalingana na ukweli, wakati mwingine yako mbali nao kabisa.

Tazameni "Uptown Funk" wa Mark Ronson na Bruno Mars. Ulitoka mwishoni mwa 2014 ukiwa na watunzi sita. Mwaka uliofuata, baada ya kampuni inayosimamia nyimbo za The Gap Band kuleta madai, wakaongezwa watano kwa sababu ya kufanana na wimbo wao wa mwaka 1979, "Oops Up Side Your Head". Wale watano wakapewa asilimia 17 kwa pamoja. Kwa madai hayo hakuna aliyekwenda mahakamani. Wimbo uliingia sokoni na watunzi sita, na kabla mwaka haujaisha watunzi wakawa kumi na mmoja.

Hofu hii ya kushtakiwa ilitoka wapi? Ilitoka California, Machi 2015. Baraza la mahakama liliamua kwamba "Blurred Lines" wa Robin Thicke na Pharrell Williams umenakili "Got to Give It Up" wa Marvin Gaye wa mwaka 1977. Fidia ilianza dola milioni 7.4, ikapunguzwa hadi kama milioni 5.3, na familia ya Gaye ikapewa nusu ya mirabaha ya baadaye. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikaupitisha uamuzi huo, majaji wawili dhidi ya mmoja.

Mimi nasema waziwazi kwamba uamuzi ule ulikosea. Nimezipiga nyimbo zote mbili hapa kwenye kinanda mara nyingi. Melodi si moja. Kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, si zilezile. Kinachofanana ni ile hali ya sherehe: ngoma, sauti za watu wanaozungumza nyuma, kinanda cha umeme kinachojibu besi. Jaji yule wa tatu, Jacqueline Nguyen, aliandika kwamba wenzake wamewapa kina Gaye umiliki wa mtindo, kitu ambacho hakijawahi kumilikiwa na mtu. Nakubaliana naye moja kwa moja. Kama mtindo unaweza kuwa na mwenyewe, basi nani mwenye rumba? Nani mwenye chakacha? Mchiriku tumlipe nani?

Melodi ni jambo jingine, na hapo sitawatetea wanaoichukua. Mwaka 1976 jaji Richard Owen wa New York, ambaye naye alikuwa mtunzi wa opera, aliamua kesi ya George Harrison, aliyekuwa wa kundi la The Beatles. Wimbo wake "My Sweet Lord" ulidaiwa kuchukua melodi ya "He's So Fine" wa The Chiffons wa mwaka 1963. Nitawapigia. Kipande cha kwanza ni noti tatu tu: sol, mi, re. Sikilizeni tena: sol, mi, re. Noti tatu hizo kila mtoto wa shule ameziimba. Lakini zinajirudia, kisha zinafuatwa na kipande cha pili kirefu kidogo, nacho kinajirudia, na mpangilio huo wote upo katika nyimbo zote mbili. Jaji hakusema Harrison ni mwizi. Alisema melodi ile ilikuwa kichwani mwake bila yeye kujijua, ikatoka kama yake. Na bado alilazimika kulipa.

Jambo hilo linanitisha kuliko la "Blurred Lines", kwa sababu ni kweli. Kichwa cha mwanamuziki kinahifadhi kila kitu. Unaamka alfajiri na melodi tamu mdomoni, unamshukuru Mungu, kumbe uliisikia kwenye harusi ukiwa na miaka saba.

Kwa bahati nzuri mahakama zimeanza kutulia. Ed Sheeran alishinda London mwaka 2022 kuhusu "Shape of You", akashinda tena New York mwezi Mei 2023 kuhusu "Thinking Out Loud", uliodaiwa kutoka "Let's Get It On" wa Marvin Gaye. Kule New York alishika gitaa akawapigia wale wa baraza zile kodi nne. Hizi hapa: ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya tano. Mmezisikia? Hizi ni kama mchanga na simenti, kila fundi anazo. Pamoja na ushindi wote, baada ya kesi ya London alieleza kwamba sasa anarekodi video kila anapotunga, ili akiulizwa aweze kuonyesha noti ile ilitoka wapi. Nimeona huruma kusikia hivyo. Lakini ninyi mna simu mfukoni. Fanyeni hivyo.

Sasa tuje kwetu, maana tusijifanye hatujui. Tumekua tukimsikiliza marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa. Melodi nyingi alizoziimba zilitoka kwenye filamu za Kihindi, na aliyekuwa akienda sinema alizitambua tangu kinanda kinapoanza. Maneno yalikuwa ya Kiswahili safi, mashairi ya vina na mizani, mengi yakiwa ya ndugu yake, mshairi Ahmad Nassir. Watu walilia kwenye harusi kwa nyimbo zile. Mimi sitakubali mtu aseme ilikuwa kazi ya bure au ya kuiga. Kulilaza shairi la mizani nane kwa nane juu ya melodi iliyotungwa kwa lugha nyingine, likakaa bila kuvunjika, ni ufundi mkubwa. Ila kaseti zilizofika nyumbani kwetu hazikumtaja yule mtunzi wa Bombay. Kama tunaumia Whitaker kusahauliwa, basi na yule Mhindi tumuumie. Leo ukirekodi upya wimbo wa namna hiyo, andika yote mawili: shairi ni la nani, melodi ni ya filamu gani. Haipunguzi heshima ya mwimbaji hata chembe.

Na sisi nasi tumechukuliwa. Nilijiuliza kama niliseme jambo hili la Solomon Linda, maana mara nyingi linasimuliwa. Nitalisema.

Mwaka 1939 Johannesburg, Mzulu mmoja aliyefanya kazi kwa kampuni ya rekodi ya Gallo aliingia studio na kundi lake, akaimba "Mbube", yaani simba. Karibu na mwisho wa rekodi ile akaachia kwa sauti ya juu melodi fupi ambayo hakuwa ameipanga. Haki ya wimbo aliuza kwa shilingi 10. Sahani ikafika Marekani, Pete Seeger akaisikia, akalisikia vibaya neno "uyimbube" akaliandika "wimoweh", na kundi lake The Weavers likaurekodi. Jina la mtunzi likaandikwa Paul Campbell, mtu ambaye hayupo. Lilikuwa jina la kubuni. Mwaka 1961 ile melodi fupi ya Linda ikavishwa maneno ya Kiingereza, ukawa "The Lion Sleeps Tonight" wa The Tokens, namba moja Marekani, na watunzi wakawa Wamarekani watatu. Linda alikufa mwaka uliofuata, maskini. Wimbo ukaendelea, ukaingia mpaka kwenye filamu ya Disney, The Lion King, mwaka 1994.

Binti zake walikuja kusaidiwa na kifungu cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia katika makoloni yake: haki aliyoiuza mtunzi inarudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kufa kwake. Kesi dhidi ya Disney ilifunguliwa 2004, na Februari 2006 wakapatana. Linda akatambuliwa kuwa mtunzi mwenza, warithi wakalipwa. Miaka 67 tangu siku aliyoimba.

Wekeni kesi hizi mbili pamoja. Kwa Gaye, mtindo tu ulilipiwa mamilioni. Kwa Linda, melodi yenyewe, noti kwa noti, ilizunguka dunia bila jina lake. Manu Dibango wa Kamerun alikuwa na bahati kidogo: yale maneno ya mdundo ya "Soul Makossa" wake wa mwaka 1972 yalipotokea kwenye wimbo wa Michael Jackson, alidai na wakaelewana nje ya mahakama. Lakini Dibango alikuwa akiishi Paris, anajulikana, anajua mlango wa kugonga.

Nami nina langu. Mwaka 2008 niliitwa kwenye studio ambayo sitaitaja. Biti ilikuwepo, imekauka tu. Nikakaa kwenye kinanda kama dakika kumi, nikapata noti tano zinazojirudia, prodyuza akaruka. Nililipwa elfu ishirini na nauli. Wimbo ulipotoka, zile noti tano ndizo zilizofungua wimbo na ndizo watoto walizokuwa wakizipigia mluzi mtaani kwangu. Jina langu halikuwepo popote. Nilipouliza nikaambiwa, "Mzee, wewe si ulilipwa kupiga?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa na karatasi. Kupiga ni kazi, hulipwa ikaisha. Kutunga ni mali, na sheria ya Tanzania bara, kama ya Kenya, inailinda mpaka miaka 50 baada ya kufa kwako. Siku ile nilifanya yote mawili, nikalipwa moja.

Kwa hiyo karatasi nilizowaletea ni za hilo. Ni karatasi ya mgao, ukurasa mmoja. Juu jina la wimbo na tarehe. Kisha kila aliyekuwemo: jina lake kamili, alichofanya, asilimia yake, sahihi. Jumla lazima iwe 100. Chini nimeacha nafasi ya sampo: rekodi gani, sekunde ya ngapi mpaka ya ngapi, mwenye masta nani, mwenye utunzi nani. Ijazwe siku hiyohiyo kabla ya kuondoka studio, wakati bado mnapendana na wimbo haujaingiza hata shilingi. Wimbo ukishavuma, kila mtu anakumbuka kivyake. Kisha muusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania bara, na walioko Unguja na Pemba wana COSOZA.

Nimeulizwa mara mbili sasa: asilimia ngapi kwa mwenye biti? Desturi iliyoenea kwenye rap ni nusu kwa biti na nusu kwa maneno, lakini sheria haikupangii. Kaeni, mzungumze. Mmoja akiona aibu kuzungumza pesa, na awepo mtu mzima wa kuwasaidia.

Binti aliyesimama pale ameuliza swali ambalo nilikuwa nalingojea: afanye nini melodi ikimjia naye hajui kama ni yake au ameisikia mahali? Harrison hakuwa na wa kumuuliza, au hakuuliza. Wewe unaye. Kabla hujarekodi, mwimbie mama yako akiwa jikoni, bila maneno, melodi peke yake. Mwimbie na dereva wa daladala mwenye umri wa baba yako, maana hao wanasikia redio kutwa nzima. Ukiona mama ameanza kuiitikia kabla wewe hujafika kwenye kiitikio, zima mashine, umuulize wimbo huo ni wa nani.